Hapana, Sikuoa Mbuzi

Tuanze na lililo muhimu: sikuoa. Sikuoa mke wa pili, sikuoa mbuzi, wala sikuwa na nia ya kumposa yeyote kati yao. Naandika usiku huu kwa sababu kuna rafiki yangu, jina nalihifadhi kwa kuwa bado namdai, kashatuma sauti ya dakika 4 kwenye kila kundi la simu kuanzia Jang'ombe hadi Chake. Kaitia chumvi mpaka mie mwenyewe nilipoisikiliza nilikuwa na hamu ya kujua mwisho wake. Leo jioni nimekwenda kula urojo, muuzaji kanitazama, kainamisha kichwa, kaniuliza: "Na wa nyumbani nao niwafungie, au wao majani tu?"

Basi. Imetosha. Sikilizeni na kwangu.

Mnajua mke wangu kajifungua mtoto wa kiume, alhamdulillah, na yuko kwao Wete anamalizia arubaini. Upande wetu tukaona akika ichinjwe hapa nyumbani siku ya Jumamosi, mbuzi wawili, kama inavyopendeza kwa mtoto wa kiume. Jumatano nikaenda shamba nikawachukua, nikawafunga uani.

Yarabi toba. Mmoja ana sauti nyembamba kama mtu anayelalamikia umeme wake ulioisha kabla ya siku zake. Mwenziwe ana besi. Wa kwanza akianza, wa pili anamjibu, kisha wananyamaza kidogo, wewe unavuta shuka, unasema sasa, na hapo ndo wanaanza pamoja. Alfajiri ya Alkhamisi bi jirani kanisemesha kwa dirishani, bila salamu, na yule ni mtu wa salamu ndefu: "Baba, hao ama uwachinje leo ama uwafunze dhikri, lakini hivi hapana."

Juu ya hayo nilikuwa na mafua. Yale ya kuziba pua zote mbili, ukinywa chai ya tangawizi unajua kwamba ni ya moto tu. Mafua hayo yashikeni vizuri, msiyaache, hadithi nzima imekaa juu yake.

Kazini kwangu, hoteli moja ya pwani, nina mwenzangu anayefanya sehemu ya masaji. Kijana wa bara, mpole, anaongea kama anayekubembeleza ulale. Kaniona macho mekundu, kaniuliza, nikamweleza. Akasema dawa ipo, na akaanza mbali: kuna mkemia wa Kifaransa, Gattefossé, aliungua maabara mwaka 1910, akatumia mafuta ya lavenda kwenye vidonda vyake, na kuanzia hapo akaishughulikia elimu hii ya mafuta ya mimea. Nikamwambia yakhe, mie sikuungua, mie nina mbuzi. Akasema na wanyama nao hutulizwa kwa harufu, kwani pua zao zinazidi zetu.

Akaniazima mashine. Kwa kweli ni kitu cha kupendeza: unatia maji, unadondoshea mafuta, ndani mna kisahani kinachotikisika kwa kasi ambayo sikio la binadamu haliisikii, maji yanakatikakatika yanakuwa ukungu, na ukungu ndo unaobeba harufu. Hakuna makaa, hakuna moshi, hakuna kuunguza kanga. Chetezo cha umeme. Nikamuuliza, hivi siwezi kutumia mafuta ya karafuu, sisi si wenyewe? Akaniuliza kama nyumbani kuna paka. Nikamwambia yupo. Akasema basi karafuu iache: mafuta yake sehemu kubwa ni eujenoli, asilimia 70 na kuendelea, na ini la paka haliwezi kuvivunja vitu vya namna ile, vinamkaa mwilini vinamdhuru. Harufu nyengine zote pia, paka akae mbali nazo. Haya, nikajifunza. Akanipa kichupa kingine. "Hiki ni cha maua," akasema, "kinatoka Ngazija. Kinateremsha presha, mapigo ya moyo yanatulia." Na hakusema uongo, zipo tafiti ndogondogo zilizoona hivyo kwa watu walionusishwa.

Nikasoma karatasi ya kichupa: *Ylang-ylang*. Nikadhani Kichina.

Watu wa Unguja na Pemba, nasikia mmeshaanza kucheka, ngojeni basi, wenzenu wa bara hawajafika. Ile "ylang-ylang" ni langilangi. Hii hii yetu, ua la njano lenye majani yanayoning'inia kama vidole vilivyochoka. Huko duniani wanaliuza la kutuliza mawazo. Huku kwetu, langilangi na asumini ndo humwagwa juu ya kitanda cha bibi harusi. Mtoto wa miaka saba anaijua ile harufu na anajua kwamba hapo hapaulizwi swali. Mwenzangu wa bara hayajui hayo, na mie ninayeyajua sikuwa na pua. Ndo msiba wenyewe huo.

Kijana wa watu kaniusia vizuri, nakiri. Matone matatu mpaka matano. Dirisha wazi. Mlango wazi, mnyama akichoshwa na harufu apate pa kutokea. Mie nikashika neno moja tu, "matone."

Saa nne usiku nikaiweka uani. Upepo ukauchukua ukungu wote ukaupeleka kwa bi jirani (kumbukeni hilo). Nikaona hapa lazima kiwe chumba. Ukumbini mlikuwa na mazulia ya kuazima kwa ajili ya wageni wa Jumamosi, jikoni mna mchele. Kikabaki chumba cha kulala. Nikatandika jamvi chini, nikamtoa paka, nikawaingiza mbuzi, nikafunga dirisha wasije wakaruka. Matone matano. Nikavuta pumzi: hakuna kitu. Kumi. Hakuna kitu. Nikasema mafuta yenyewe yamechuja haya. Nikamimina.

Na ile mashine ina taa inayobadilika rangi. Nimebonyeza mara nyingi iniletee nyeupe, imekataa. Imekaa kwenye waridi.

Sasa nitazameni kwa nje, mkiwa mmekaa baraza ya kahawa iliyo mbele ya nyumba yangu. Mke wa mtu yuko Pemba na kichanga. Saa nne na nusu za usiku nyumba ya mtu huyo imefungwa madirisha, joto lote hili. Pazia la chumbani linang'aa rangi ya waridi. Na mtaa mzima, kuanzia kona ya fundi baiskeli hadi msikitini, unanuka fungate.

Baadaye nimeambiwa kwamba mzee mmoja aliweka kikombe chini akasema, "Maskini binti wa watu, hata arubaini haijesha."

Mie ndani sina habari. Nimekaa pembeni ya kitanda, kikoi kiunoni, kifua wazi, jasho, kichwa kinaanza kunigonga (nimeambiwa langilangi ikizidi hufanya hivyo), lakini moyo baridi. Kwani wale mbuzi walinyamaza! Wallahi walinyamaza. Kwanza walisimama jamvini wakaniangalia. Mwenye besi akapanda kitandani, taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa. Wa pili akamfuata. Wakakunja miguu. Nikasema hewala, laleni, mie nitalala ukumbini.

Hodi ikapigwa.

Nikajua ni bi jirani kaja kushukuru kwa ule ukimya. Nikatoka na kikoi changu, nikaurudisha mlango wa chumbani polepole wasiamke. Polepole ile, jamani, ilionekana kwa kitundu cha dirisha la mbele.

Nafungua, shangazi yangu. Shangazi huyu ndiye aliyekuwa somo wa mke wangu, aliyemfunda kabla ya ndoa, kwa hiyo pale mlangoni alisimama kwa kofia mbili. Kajifunga kanga kifuani, simu kaikumbatia. Nyuma yake bi jirani, nyuma ya bi jirani vijana watatu wa barazani, na nyuma yao rafiki yangu yule, na tochi, wakati taa ya nje inawaka.

Shangazi kavuta hewa mara moja, kafumba macho.

"Yuko wapi?"

Mie kwa akili yangu, habari kubwa mtaani siku mbili hizi ni mbuzi. Nikajibu kwa fahari kabisa:

"Wamelala."

"Wame...?"

"Wote wawili."

Bi jirani kashika ukuta.

Na mie nikaendelea! Nyie mnaoniuliza kwa nini sikunyamaza, na mie najiuliza. Nikamwambia, "Shangazi, walikuwa wakilia sana, huruma ikanishika, nikawaingiza chumbani. Wametulia hadi wamepanda kitandani wenyewe. Mwisho Jumamosi, baada ya hapo hamtowasikia tena."

Nyuma mtu kasema, "Salaale." Sauti ilikuwa ya furaha.

Shangazi hakunisukuma. Angenisukuma ingekuwa nafuu. Kanizunguka kama mtu anayezunguka dimbwi, kashika kitasa cha chumbani, kasoma Bismillahi kwa sauti, kafungua. Mlango wangu una bawaba inayolia, na usiku ule ililia kwa kirefu kuliko siku zote. Kwanza ukatoka ukungu. Ukateremka sakafuni, ukatupita miguuni. Kisha ikatoka ile nuru ya waridi. Kisha harufu, na hapo hata mie mwenye mafua kitu fulani kikapenya, puani kukafunguka tundu moja, nikaisikia langilangi kwa mara ya kwanza usiku ule, na papo hapo, nikiwa nimesimama na kikoi mbele ya shangazi yangu, nikafahamu kila kitu. Kila kitu. Waridi, dirisha, kikoi, "wamelala", "wote wawili". Nilitamani ule ukungu uwe mzito zaidi.

Juu ya kitanda, upande wangu, mwenye besi. Upande wa mke wangu, yule mwembamba, kichwa kwenye mto wa mke wangu, anacheua. Mto keshautoboa, ndevu zimemjaa sufi. Wakatutazama. Hakuna aliyesema neno. Na hapo ndo nikaona kwamba ile simu aliyoikumbatia shangazi, kioo kilikuwa nje. Kilikuwa nje tangu mlangoni. Humo ndani wamebanana, taa kali ya ukumbi wa Wete, mke wangu na mtoto mapajani, mama mkwe, na bibi yake mke wangu mzaa mama, ambaye macho hayaoni vizuri, kasogezwa mbele kabisa ili naye aone.

Bibi kakodoa. Kakodoa sana. Kisha kauliza, kwa upole wa mtu asiyetaka kumvunjia mgeni heshima:

"Mbona bibi harusi ana ndevu?"

Mwembamba akajibu, "Mee." Kidogo tu. Mbuzi aliyetulia.

Yaliyofuata ni mafupi. Shangazi kakaa sakafuni kacheka mpaka kilemba kikamtoka. Mke wangu kakata simu, na alipopiga tena alikuwa na jambo moja tu: mto. Ule mto ni wa jozi, wa harusi yetu. Mbuzi wakarudi uani wakalia hadi asubuhi, mtaa mzima ukastahamili kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa macho unasimuliana. Jumamosi akika ikafana, ingawa wageni wawili watatu walikuwa wakinusa pilau kwanza, wakinitazama, ndo wakila. Mtu mmoja wa mifugo, aliyekuja kula, kaniambia pia kwamba mafuta huenda hayakufanya kitu: mbuzi ni mnyama wa kundi, ukimtoa kwa wenziwe hulia, ukikaa naye hunyamaza. "Wale walikuhesabu wewe mmoja wao," akasema, na akaongeza nyama. Tena akanigombeza kwa kuwafungia na ukungu ule bila pa kutokea, na hapo sina utetezi.

Mashine nimeirudisha. Kichupa sikukirudisha, kwa sababu shangazi alikichukua usiku uleule kwa ajili ya ushahidi, akavuka nacho Pemba alipokwenda kumtazama mtoto. Nimemdai mara mbili, anabadilisha mazungumzo.

Juzi kanipigia simu baba mkwe. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kunipigia yeye mwenyewe, husema na mama mkwe, mama mkwe akanipigia. Nikasimama. Nikafunga vifungo vya shati, kwenye simu. Kaniuliza hali, kauliza kazi, kauliza mvua kama zinanyesha Unguja, kauliza tena hali. Kanyamaza kidogo. Kakohoa.

"Baba," akasema, "kile kichupa cha shangazi yako kimekwisha. Kinauzwa wapi?"