Nyama ya bata mzinga si kavu, tunaikausha wenyewe

Idd iliyopita tulialikwa Mikindani kwa wifi yangu. Watoto walikuwa wamemlilia baga, naye akawaahidi za bata mzinga. Alikuwa na dume aliyemfuga mwenyewe uani tangu kifaranga, akamlisha pumba na mabaki ya ugali hadi akawa mzito wa kubebwa kwa mikono miwili. Basi akachinjwa. Nyama ikachemshwa kwa tangawizi na ndimu hadi ikalainika, ikasagwa, ikafinyangwa, ikaingia oveni saa nzima. Zilipofika mezani kila mtu alikuwa anashushia kwa maji. Mzee mmoja akatoa hukumu: "Bata mzinga ndivyo alivyo, nyama yake kavu." Wote wakaitikia. Mimi sikukubali siku ile, na sikubali leo. Ndege yule alilelewa kwa mapenzi, na alistahili kuliwa akiwa mtamu.

Tatizo lilianzia kwenye sufuria. Sisi watu wa kusini, na pwani nzima kwa jumla, tuna mazoea ya kuchemsha nyama kwanza, ichomwe au ikaangwe baadaye. Kwa jogoo wa kienyeji aliyekomaa sawa, kwa mbuzi mzee sawa, kwa sababu msuli uliofanya kazi miaka unahitaji muda ndani ya maji ili ulainike. Lakini nyama ya kusaga imeshalainishwa na mashine! Unaichemsha ili iweje? Itazame sufuria ukishaitoa nyama: supu ya rangi ya dhahabu, macho ya mafuta yanaelea juu, jiko zima linanukia. Hayo yanayoelea mle ndiyo majimaji ya baga yako. Umeyaacha nyuma, umechukua nyuzi zilizobaki, umezisaga, kisha umezirudisha motoni zikamalizike. Hakuna mpishi duniani atakayeirudishia unyevu nyama iliyofanyiwa hivyo, hata akiimwagia lita ya mchuzi.

Nyama mbichi ina maji mengi, na yameshikwa na protini. Moto ukipanda, protini hujikunja na kuyakamua maji yale nje. Ikifika nyuzijoto 74 katikati, baga ya ndege imeiva na ni salama kuliwa. Ukiendelea hadi 85 au 90 huiongezei usalama wowote, unaikamua tu. Kati ya baga tamu na baga ya kushushia kwa maji kuna dakika tano au sita za oveni, na hizo ndizo tunazozipoteza kwa sababu ya hofu.

Hofu yenyewe ina msingi, hilo lazima niliseme. Nyama ya ndege hubeba bakteria kama salmonela, na ikishasagwa, kilichokuwa juu ya nyama kinaingia hadi ndani. Kwa hiyo asije mtu akasema nimemruhusu kula baga ya bata mzinga iliyo nusu mbichi. Ila rangi haitoi jibu. Nyama ya bata mzinga inaweza kubaki na wekundu kidogo na ikawa imeiva, na inaweza kuwa nyeupe ikawa bado. Kinachojibu ni kipimajoto cha jikoni, kile cha kuchomeka, unachokiingiza kwa ubavuni hadi ncha ifike katikati ya baga. Kikisoma 74, toa.

Halafu kuna suala la mafuta. Watu wanachukua kidari peke yake, wanavua ngozi, wanatupa, kisha wanashangaa. Kidari cha bata mzinga karibu hakina mafuta kabisa. Changanya na mapaja, na kama daktari hajakukataza, saga na ngozi yake kidogo. Aliyekatazwa na amtii daktari wake, nazi na korosho nazo azipunguze. Lakini ambaye hajakatazwa, anayeishi Mtwara au Lindi, anakosaje kitu cha kuilainisha nyama? Kwa nusu kilo ya nyama mimi naloweka slesi moja nene ya boflo kwenye tui zito, lile la kwanza kabisa, robo kikombe hivi. Mkate ukishalainika nauponda kwa uma hadi uwe uji mzito, na uji huo ndio unaoingia kwenye nyama pamoja na kitunguu maji kilichokunwa, kitunguu swaumu na pilipili manga. Wanga wa mkate unashika maji, na unazizuia protini zisikumbatiane kwa nguvu. Mafuta ya nazi yanafanya kazi ambayo kidari hakiwezi kujifanyia.

Msimu wa korosho ukifika, Oktoba kwenda Desemba, natia na korosho mbichi zilizobanguliwa, vijiko viwili vya kulia, nimezitwanga hadi zikaanza kushikana. Karibu nusu ya uzito wa korosho ni mafuta. Si lazima ziwe nzima nzuri za kuuzia wageni, zilizovunjika zina ladha ileile.

Jambo moja la hali ya hewa yetu. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzijoto 24 hivi, na hapa Mtwara joto la hivyo ni la kulitafuta. Kwa hiyo mchanganyiko utakuwa laini na utakunatia mikononi. Usiongeze unga! Utie kwenye friji nusu saa, mafuta yakaze, ndipo ufinyange. Finyanga kwa mkono mwepesi, unene wa sentimita mbili, na katikati ubonyeze kwa kidole gumba kuwe na kishimo, la sivyo baga itavimba kama andazi. Chumvi nyunyiza juu wakati wa kuingiza motoni. Ukiikanda ndani ya nyama mapema, baga inakaza na kuwa kama soseji. Ndimu iache mezani, siyo kwenye nyama.

Oveni iwe imeshapata moto wa 220 kabla baga haijaingia. Paka trei mafuta, panga, funga mlango. Dakika kumi na tano anza kupima. Hakuna kugeuzageuza, hakuna kukandamiza kwa mwiko hadi mafuta yachuruzike, na ndiyo sababu naipenda oveni kuliko kikaango kwa nyama hii. Ukizitoa, ziache zipumzike dakika tano kabla ya kuziingiza kwenye skonzi.

Nishaambiwa kwamba oveni ni mambo ya wenye nazo. Bibi zetu walioka mkate wa kumimina kwa moto juu na chini, mkaa chini ya sufuria na mwingine juu ya mfuniko, na mkate ukaiva sawasawa. Baga nazo zinaiva hivyohivyo, mradi sufuria iwe pana na mkaa wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Kuhusu gesi nina uchungu wangu. Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na mwaka 2015 bomba likaanza kuisafirisha hadi Dar es Salaam. Jikoni kwangu, mkoa uleule, bado najaza mtungi wa gesi iliyoletwa nchini kwa meli. Ndugu zangu, hilo linaniuma kila mtungi ukiisha.

Nyama ya ng'ombe ni rahisi zaidi kwa baga, sawa. Inapatikana kila bucha na ina mafuta yake. Bata mzinga ni ghali, na wengi tunamchinja kwa sikukuu tu. Lakini kama ni wa sikukuu, si ndiyo sababu ya kumpika kwa uangalifu?

Nina ombi kwa wenye maduka ya vyombo hapa mjini. Nimepita kadhaa nikiulizia kipimajoto cha nyama, nikawa naonyeshwa cha kupimia homa. Mnaleta seti za vikombe za kila rangi, mnaleta mashine za kusagia juisi, leteni na hicho. Ni kitu kidogo cha kuenea mkononi. Mimi nitanunua viwili, kimoja nitampelekea wifi yangu.