Mama Kageuka Hambaga

Aliyeitazama Attack on Titan, anime (katuni ya Kijapani) ya majitu yanayokula watu, mwaka 2013 hajaisahau sehemu ya kwanza. Nyumba imemwangukia mama, miguu imebanwa chini ya boriti, jitu linakuja huku linachekelea. Eren, mtoto wa miaka 10, amebebwa begani anakimbizwa. Macho yake yako nyuma, anamwona mama yake akiliwa.

Oktoba 2015 ikaja Attack on Titan: Junior High, toleo lake la mzaha. Eren yuleyule sasa ni mwanafunzi, majitu yanasoma shule hiyohiyo, na chuki yake ina asili moja: jitu lilimlia chakula chake cha mchana, hambaga yenye jibini. Sauti ni ya Yuki Kaji kote kuwili. Koo lililomlilia mama ndilo linalolilia kitoweo.

Waliokereka nawaelewa. Msimu wa kwanza uliisha Septemba 2013, wa pili ukaja Aprili 2017. Katikati ya ukame huo wakapewa sehemu 12 za mzaha. Umeagiza wali, unaletewa bisi. Tena kuna zito zaidi: manga, yaani vitabu vya katuni vilivyozaa anime hiyo, ilipomalizika Aprili 2021, tulishajua kuwa majitu yale ni binadamu waliogeuzwa. Ukirudi kwenye darasa lile hali unalijua hilo, unacheka nusu.

Ila hii hoja kwamba mzaha umemdhalilisha mwandishi hainiingii. Hajime Isayama mwenyewe alikuwa akibandika matangazo ya uongo ya kuchekesha mwishoni mwa vitabu vyake. Na huku kwetu bara mtani huja msibani, akajilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Hakuna anayesema marehemu kadharauliwa. Anachotakiwa mtani ni kumjua marehemu: alivyotembea, alivyokohoa, alivyokwepa madeni.

Hambaga inamjua marehemu. Hasira ni ileile, kiapo cha kuyamaliza majitu yote ni kilekile, kilichobadilika ni kilicholiwa tu, na ndiyo maana inachekesha na kuuma kwa pamoja. Kinachonichosha mimi ni pale watengenezaji wanapousahau msiba wenyewe: mara kuchagua klabu, mara tamasha la shule, huku Armin, rafiki wa Eren, akishinda amejifunika tandiko la kulalia kama mgonjwa wa malaria. Mvue jina, mvishe mtoto wa anime nyingine tandiko lile, hakuna atakayegundua.