Maulidi ya Lamu: sheria inaruhusu, mashine inakataa

Video ya zefe, yaani maandamano ya Maulidi, ikipandishwa YouTube kutoka Lamu, huweza kuwekewa dai la hakimiliki kabla hata watu kumi hawajaitazama. Hapo ndipo husikika malalamiko kwamba sheria za hakimiliki zimekuja kutupokonya mila zetu. Uchungu huo una haki yake, ila sheria siyo ya kulaumiwa.

Maulidi ya Habshi yanayosomwa Msikiti wa Riyadha, Lamu, ni utungo wa Habib Ali al-Habshi wa Hadhramaut, aliyefariki 1915. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, kwa hiyo ulinzi wa utungo huu umekwisha zamani. Anayeurekodi leo anamiliki rekodi yake tu, hamiliki usomaji wa wengine.

Tabu inatokana na mfumo wa YouTube uitwao Content ID. Msambazaji wa kasida hukabidhi rekodi ya studio, mfumo ukachukua alama za sauti yake, kisha ukalinganisha na kila video inayopanda, hadi mahadhi. Kasida ikiwa ile ile na matwari yakapigwa kwa mwendo ule ule, mashine huweza kuona ni mali moja. Haijui mtunzi alifariki lini, wala haitambui kwamba hizi ni sauti za vijana wa mtaa wa Langoni. Mara nyingi video haifungwi: huwekewa matangazo, na pesa zikaenda kwa mwenye dai.

Takwimu za YouTube wenyewe zinafaa kutazamwa kwa makini. Katika nusu ya kwanza ya 2021 madai ya Content ID yalizidi milioni 722. Yaliyopingwa yalikuwa kama milioni 3.7, hayafiki hata asilimia 1. Lakini katika hayo yaliyopingwa, asilimia 60 yaliamuliwa kwa faida ya aliyepandisha video. Haimaanishi kwamba asilimia 60 ya madai yote ni batili, kwa kuwa anayepinga aghalabu ni yule mwenye hoja. Hata hivyo, wangapi walikuwa na hoja wakanyamaza kwa kudhani wamevunja sheria?

Kupinga kuna utaratibu. Ukipinga ndani ya siku 5, mapato ya video huzuiliwa tangu siku dai lilipowekwa, yasiende kwa yeyote hadi uamuzi utolewe. Mwenye dai ana siku 30 za kujibu. Akinyamaza, dai linaanguka. Akilikataa pingamizi lako, unaweza kukata rufaa, naye ana siku 7. Hapa pana hatari: akishikilia, anaweza kuomba video iondolewe, chaneli ikapata onyo, na maonyo matatu ndani ya siku 90 huweza kuifunga. Basi usipinge kwa hasira. Andika mtunzi ni nani, alifariki mwaka gani, na kwamba sauti zimerekodiwa papo hapo.

Wenye haki nao wana lao, na kwenye taarabu lina uzito. Kanda ya harusi iliyorekodiwa 1970 imemaliza miaka 50 ya rekodi mwishoni mwa 2020, ila shairi lililomo ni jambo jingine: malenga akiwa alifariki 2000, warithi wake wanalo hadi mwisho wa 2050. Chaneli inayokusanya nyimbo za namna hiyo bila ruhusa, hata jina la malenga haitaji, ikavuna pesa za matangazo, inawadhulumu. Marekebisho ya sheria hiyo ya 2019 yanawapa warithi njia ya kutaka kazi iondolewe katika saa 48 za kazi, na anayetoa taarifa ya uongo anaweza kutozwa hadi shilingi 500,000 au kufungwa hadi miaka 5. Makali hayo ni mazuri. Kasoro ni kwamba dai la mashine si taarifa iliyoandikwa na mtu, kwa hiyo adhabu hiyo haiigusi.

Kwa anayerekodi Maulidi: madai mengine hutoka kwenye spika inayocheza kasida ya studio kwa nyuma, na hayo ni ya kweli. Subiri izimwe au kata kipande hicho. Faili ghafi lenye tarehe usilifute. Hilo ndilo ushahidi wako dai likija.