Kwenye Simulizi za Majini, Mapenzi Ndiyo Yanayotisha

Juzi usiku watu walitoana jasho kwenye kundi moja la simulizi la WhatsApp ninalolifuatilia. Mtunzi alikuwa amefika sehemu ya 37 ya simulizi ya jini mahaba, yule jini anayesemwa kumpenda binadamu na kumshikilia asiolewe, na katika sehemu hiyo hakukuwa na ukelele, hakukuwa na damu, wala taa haikuzimika. Msichana alipika wali wa nazi, akapakua sahani mbili, akakaa kumsubiri mtu ambaye wenzake wa nyumbani hawamwoni. Basi, itaendelea. Nusu ya kundi wakaja juu: tumelipia simulizi ya kutisha, mbona imegeuka chombezo? Nusu nyingine wakajibu kwamba hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote, anayetaka kupigiwa kelele aende kwingine. Mtunzi akanyamaza, watu wakalala na arosto.

Sikuandika kitu usiku ule kwa sababu nilichokuwa nacho moyoni kisingeenea kwenye ujumbe wa simu. Ubishi huu nimeusikia miaka mingi, na kila mara watu wanauzungumza kama mizani ya dukani: mapenzi sahani hii, taharuki sahani ile, ukiongeza huku kule kunapanda. Mimi sikubaliani na mizani yenyewe. Katika simulizi za majini na mizimu, mapenzi yakiandikwa sawasawa ndiyo yanayoubeba woga mgongoni.

Aliyenifundisha hilo ni bibi yangu mzaa mama, Tanga, Ngamiani, umeme umekatika na sisi wajukuu tumejipanga kwenye mkeka uani. Alikuwa na kisa cha mwanamke mwenye kwato. Kisa hicho pwani nzima wanacho. Mombasa wanacho, na Dar es Salaam wanacho chenye dereva wa teksi. Kinavyosimuliwa mara nyingi ni hivi: mwanamume anakutana na mrembo njiani usiku, anampakia, gari zima linanukia marashi, wanapiga soga. Akishuka, baibui linapanda kidogo, kwato hizo. Mwanamume anazirai na asubuhi anaokotwa makaburini. Kwato zinakuja mwisho kabisa. Ukikisikia mara ya kwanza unashtuka, ukikisikia mara ya pili unakisubiri kimalizike.

Bibi alianza na kwato. "Palikuwa na mwanamke ana miguu ya punda, akashona baibui likafagia chini." Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza, kabla hatujajua kama kuna mwanamume. Kisha akamleta kijana mchuuzi wa samaki, mtu mwema, anayemwachia yule mwanamke fungu kubwa kila jioni. Akampenda. Siku moja akamletea makubadhi mapya ya ngozi. Mwanamke akayapokea, akayatazama sana, akasema atayavaa siku ya harusi. Ikaja posa. Ikaja mahari. Ikapangwa siku ya hina, na sisi sote pale mkekani tulijua bibi harusi hupakwa hina na piko wapi. Nakumbuka niliivuta miguu yangu nikaificha chini ya kanga ya bibi.

Hebu tazama kilichofanyika pale. Hakuna aliyekimbizwa. Kijana hakufanya kosa lolote isipokuwa kupenda, na kila alipoongeza kupenda alijisogeza kwenye ile miguu. Zawadi ilikuwa ya miguu, sherehe ilikuwa ya miguu. Angekuwa anamtaka kwa usiku mmoja tu, angeona kwato akatimua mbio, kisa kimekwisha. Kwa kuwa alimpenda, sisi tulijua kwamba akiziona hatakuwa na pa kukimbilia. Na kuna jambo jingine ambalo nililielewa ukubwani: nilikuwa namwogopea na mwanamke pia. Bibi hakusema hata siku moja kwamba alitaka kumdhuru kijana. Alisema alimpenda. Nilikuwa naomba wasimfunue.

Hiyo ndiyo taharuki ninayoitafuta, na sijaipata kwenye simulizi yoyote iliyoyafukuza mapenzi ili itishe zaidi. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, kiumbe aliyesemwa kuwavamia watu usiku vitandani, ilipoenea Pemba na Unguja, watu walilala nje kwa makundi, wakakesha kando ya moto. Ile ilikuwa hofu halisi, na sipendi ifanyiwe mzaha, maana waliolala nje walikuwa na watoto mikononi. Lakini ukitaka kuifanya simulizi ndefu unakwama. Anakuja, anadhuru, anaondoka. Hakuna anayemtaka, kwa hiyo hakuna anayevutwa pande mbili. Ni habari ya kutisha, inasimuliwa kwa dakika tano, na baada ya hapo unairudia ileile.

Najua nitajibiwa kwamba tunazo kazi za taharuki zisizohitaji mapenzi. Ni kweli tunazo. Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, uliotoka 1960, unaanza na maiti mahali panapoogopwa, na mpelelezi Bwana Msa anaanza kuchambua. Lakini humo mzimu ni pazia. Nyuma ya pazia kuna binadamu aliyeua, na utamu wote ni wa akili inayofungua mafundo. Huo ni upelelezi, na upelelezi unaweza kujisimamia bila mahaba. Kitabu cha Shaaban Robert, Adili na Nduguze, ndicho kilicho karibu zaidi na ninachokisema. Kinatufungulia siri ya liwali mwadilifu ambaye kila usiku anawachapa manyani wawili, kwa amri ya jini. Siri hiyo ingekuwa nyepesi kama manyani wangekuwa wanyama tu. Inauma kwa sababu ni ndugu zake, na yeye bado anawapenda. Si mapenzi ya mume na mke, lakini kanuni ni ileile: fimbo inatisha kwa sababu ya mkono unaoishika.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wametumia zaidi ya miaka 100 kwenye swali hilihili kupitia mnyonya damu. Katika Dracula ya 1897 bwana mwenyewe, baada ya zile sura za mwanzo za kasri, haonekani mara nyingi. Unamjua kwa barua na shajara za watu wanaopendana, na hofu inaingia kwa sababu wewe msomaji nawe umewazoea. Mwaka 2005 ikaja Twilight ya Stephenie Meyer, mnyonya damu akawa mchumba. Wapenda taharuki wanaidharau sana. Mimi siidharau, kitabu cha kwanza hasa, maana mle kijana anayempenda msichana ndiye huyohuyo anayeitamani damu yake kuliko ya mtu mwingine yeyote. Kila busu ni hatari. Mambo yalipoa baadaye. Katika kitabu cha 4, cha 2008, msichana naye anageuka kuwa kama wao, wana mtoto, wana nyumba, na yale mapambano makubwa tuliyoyangoja mwishoni yanamalizika kwa mazungumzo. Mapenzi hayakuzidi pale. Yaliacha tu kugharimu.

Nimejiwekea kipimo changu: naangalia swali linalonifanya nifungue sehemu inayofuata. Kama ni "je, watapatana?", nimeshika simulizi ya mapenzi. Kama ni "je, watapona?", nimeshika ya taharuki. Wauzaji wa vitabu wa Ulaya na Marekani wanayatenga haya kwenye rafu tofauti, na msomaji wa rafu ya mapenzi anataka ahakikishiwe kabisa kwamba mwisho utakuwa wa raha. Jini mahaba anakivuruga kipimo hicho, na ndiyo maana nampenda kuliko viumbe vyote vya simulizi. Kwake maswali hayo mawili ni swali moja. Wakipatana, hakupona. Ninaposoma namwombea msichana apate mtu wa kumpenda, na huyohuyo anayempenda ndiye ninayetaka aondoke. Watunzi wa Kiswahili wamepewa mali hii bure na bibi zao.

Halafu wanaigawa vipande! Hapa ndipo roho inaponiuma. Sehemu ya 12 ni chumbani, sehemu ya 13 ni mayowe, sehemu ya 14 chumbani tena, kana kwamba watu wawili wanapokezana kuandika. Najua sababu. Simulizi zinauzwa kwa sehemu, shilingi 1,000 unapewa sehemu kadhaa, na sehemu isiyo na ndoano mwishoni haiuzi inayofuata. Mtunzi ana kodi ya kulipa na bando la kununua; simlaumu kwa kutafuta riziki. Lakini ndoano nyingi ni za uongo. "Ghafla mlango ukafunguliwa..." Unakesha. Kesho unakuta ni dada yake kaja kuazima pasi. Ukidanganywa hivyo mara tatu, mara ya nne jini mwenyewe akifungua mlango huna habari naye. Ile sahani ya pili ya wali wa nazi, iliyotengwa mezani bila neno lolote, ilinikosesha usingizi kuliko milango yote ya kundi lile.

Kuna na wale wanaomfanya jini tajiri mwenye gari jeusi na ghorofa Masaki, mpole, mwenye wivu wa kupendeza. Hao sina mengi nao. Ukimtoa jini ujini wake, umebaki na bwana mwenye hela.

Jambo ambalo sijaona likiandikwa sawasawa ni mwisho. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwapo dada mmoja fundi cherehani. Posa mbili zilikuja zikavunjika, mtaa ukaamua kwamba ana jini mahaba. Sijui yeye mwenyewe aliamua nini. Siku moja, nikiwa na miaka 9 hivi, nilitumwa kuchukua sare yangu ya shule. Akaniita chumbani, alikuwa anashona pindo kwa mkono. Kitanda chake kilikuwa kipana. Upande mmoja shuka lilikuwa na mikunjo ya mtu aliyelala. Upande wa ukutani ilitandikwa kanga juu ya shuka, imenyooshwa, haina hata kunjo moja, na mto wake. Nilipotaka kukaa pale akanishika mkono, taratibu kabisa. "Hapo usikae, mwanangu." Nikakaa kwenye kiti cha cherehani, macho yangu kwenye ile kanga mpaka pindo lilipokwisha. Niliogopa. Na papo hapo niliona haya, kama mtu aliyetaka kukalia nafasi ya mwenyewe.

Baadaye nyumbani kwao walimfanyia kisomo, ubani ukafukizwa, pilau ikaliwa, na watu wakasema amepona. Kisomo ni imani yetu na siigusi. Ninachowagomea ni watunzi wanaolimaliza jambo hilo kwa aya mbili: shehe anasoma, jini anapiga ukunga, anatoka, mchumba anamkumbatia msichana, mwisho. Miezi 4 umenisomesha jinsi jini alivyompenda, jinsi msichana alivyokuwa akimsubiri kwa udi na marashi, jinsi jini huyo alivyokuwa mtu pekee aliyemuuliza ameshindaje. Sasa ametolewa. Hivi kweli hakuna usiku hata mmoja ambao msichana atatamani arudi? Hapo ndipo kuna taharuki nzito kuliko zote, kwa sababu safari hii mlango hausukumwi kutoka nje. Yeye ndiye mwenye komeo. Na mapenzi ambayo nusu ya kundi waliyaona yamejaza kurasa bure ndiyo yatakayoamua kama atalifungua.

Ukilitazama jambo hili vizuri utaona kwa nini simulizi hizi wanazisoma zaidi wanawake, kwa jinsi ninavyoona kwenye makundi niliyomo. Binti akifika miaka 30 hajaolewa, jamaa hawasemi hakubahatika, hawasemi hakutaka. Wanasema kuna kitu kinamshika. Upweke wake unapewa jina la mwanamume. Mtunzi anayelijua hilo hawezi kuyachukulia mapenzi ya jini kama kachumbari ya pembeni. Anaandika juu ya mtu anayeambiwa aachane na kilichokuwa kikimpa joto, na kila anayemwambia hivyo ana kwake pa kurudi kulala.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa kundi wampe mtunzi nafasi. Sehemu ya 38 imetoka jana: sahani ya pili imekutwa tupu asubuhi, na mama mtu ameanza kuuliza. Shehe ameshatajwa, nadhani kufikia Jumapili atakuwa amefika. Nimelipia sehemu 10 zijazo. Kisomo nitakisoma, lakini ninachokisubiri ni usiku wa baada yake, wageni wameshaondoka, masufuria yameoshwa, na msichana amesimama kabatini akihesabu sahani za kupakulia.