Kukiri mbele ya polisi: kofi si kipimo cha kutosha

Kesi inapobebwa na maelezo ya mshtakiwa aliyekiri akiwa kituoni, mabishano mahakamani huishia karibu kila mara kwenye swali moja: alipigwa au hakupigwa? Wakili ataonyesha kovu, mpelelezi atakana, hakimu atapima nani anaaminika. Ni swali la lazima, ila limetufanya tusahau kwamba mtu anaweza kukiri kosa ambalo hakulitenda bila kuguswa hata kwa kidole.

Tarehe 19 Aprili 1989, mwanamke aliyekuwa akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park, New York, alibakwa na kupigwa nusura afe. Vijana watano wa kati ya miaka 14 na 16 wakatiwa mbaroni. Korey Wise hakuwa hata akitafutwa. Alimsindikiza tu rafiki yake Yusef Salaam kituoni. Baada ya saa nyingi za mahojiano yasiyorekodiwa, kamera iliwashwa, na wanne kati yao wakasimulia walivyoshiriki. Masimulizi yenyewe yaligongana: nani alimwangusha, nani alimvua nguo, silaha ilikuwa ipi. Vinasaba vilivyopatikana havikuwa vya hata mmoja wao, na upande wa mashtaka ulilijua hilo kabla ya kesi kuanza kusikilizwa. Bado wote watano walitiwa hatiani. Mwaka 2002 Matias Reyes, aliyekuwa akitumikia kifungo kwa makosa mengine, alisema alitenda peke yake. Vinasaba vilikuwa vyake. Hukumu zikafutwa, Wise akiwa amekwisha kukaa ndani takriban miaka 13.

Jambo linalonisumbua zaidi katika kesi hiyo ni kwamba kinga mbili tunazozitegemea zilikuwepo. Kamera ilikuwepo, lakini ilinasa sehemu ya mwisho tu, baada ya kijana kuchoka na kujua anatakiwa aseme nini. Wazazi nao walikuwepo kwa baadhi yao. Antron McCray amesimulia hadharani kwamba baba yake wa kambo ndiye aliyemsihi aseme wanachotaka polisi ili waende zao nyumbani.

Mwanasaikolojia Saul Kassin alilijaribu jambo hili mwaka 1996 kwa wanafunzi wa chuo. Waliandika kwenye kompyuta huku wameonywa wasiguse kitufe fulani. Kompyuta ikazima, wakalaumiwa. Hakuna aliyekigusa, lakini asilimia 69 walitia saini kukiri, na asilimia 28 waliamini kweli wamefanya. Kosa la kitufe si mauaji, na wanaompinga wana haki kulisema hilo. Ila mwenendo wa akili ni uleule: ukichoka, ukaambiwa kuna shahidi aliyekuona, nafuu ya sasa hivi huonekana kubwa kuliko adhabu ya baadaye. Asiye na hatia ana hatari yake ya pekee, maana huamini ukweli utajulikana tu, basi anasaini.

Upande wa pili unastahili kusikilizwa bila dharau. Mauaji ya usiku kijijini hayana kamera wala maabara jirani, na mashahidi wanaogopa kulipiziwa kisasi. Mara nyingine anayejua panga limefukiwa wapi ni aliyelifukia. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ushahidi inaruhusu ungamo lililotolewa kwa hiari mbele ya polisi, na sheria ya mwenendo wa jinai inataka mahojiano yafanyike ndani ya muda wa saa nne tangu kukamatwa, labda muda uongezwe kwa utaratibu. Mahakama ya Rufani imekwisha kuyatupa maelezo ya onyo, yaani yale polisi wanayoyaandika baada ya kumwonya mtuhumiwa, kwa sababu tu yalichukuliwa nje ya muda huo. Familia ya marehemu ikisikia mtu ameachiwa kwa hesabu ya saa, uchungu wao una msingi.

Kenya ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2003 ilifunga mlango wa maungamo ya polisi, kisha mwaka 2007 ikaufungua kwa masharti: apokee jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa. Ni sheria nzuri kuliko yetu, nakiri. Lakini inalinda dakika za kusaini. Aliyekwisha kuvunjwa moyo usiku kucha ataingia mbele ya afisa mpya akiwa ameikariri habari yote. Hapa kwetu tunao mlinzi wa amani, ofisa asiye polisi anayeruhusiwa kupokea ungamo, na udhaifu wake ni huohuo.

Kwa hiyo siungi mkono kuyapiga marufuku kabisa maungamo ya polisi. Ninachokitaka ni rekodi inayoanza mtuhumiwa anapoketi, kama Uingereza ilivyolazimika kufanya kupitia sheria yake ya 1984. Wakati huo wanaume sita waliofungwa kwa mabomu ya Birmingham, kwa sehemu kutokana na maungamo ya polisi, bado walikuwa gerezani. Waliachiwa 1991, baada ya miaka 16. Palipo na kituo kisicho na kifaa, basi mahakama ianzie kwenye yaliyomo: mtuhumiwa alisema nini ambacho polisi hawakukijua tayari? Sheria yetu inayapa uzito maelezo yaliyowezesha kitu kugunduliwa, na huo ndio mzani ningeutanguliza.

Lipo fungu jingine la sheria yetu ambalo lingefaa kuangaliwa upya. Linasema ungamo lisikataliwe kwa sababu ya ahadi au kitisho, isipokuwa mahakama ione kishawishi hicho kilikuwa cha aina ya kuweza kumfanya mtu akiri uongo. Hakimu anaachiwa akadirie kiasi gani cha kitisho kinatosha, naye hajawahi kulala mahabusu. Baraza la wazee wa mahakama kule New York lilitazama kanda za vijana wale na kukadiria vivyo hivyo.