"Amenigusagusa tu, hajanipima": mkono wa daktari na picha ya MRI

Karibu kila wiki nalisikia neno hili kwenye benchi la nje ya chumba chetu cha fiziotherapia. Mgonjwa ametoka kwa daktari, jirani yake anamuuliza kulikuwaje huko ndani, naye anajibu kwa unyonge: "Amenigusagusa tu mguu, kaunyanyua, kaushusha, hata kipimo hajaniandikia." Jirani anamwonea huruma. Anamtajia hospitali nyingine mjini ambako wana MRI.

Simlaumu mgonjwa huyo. Fundi cherehani hupima kwa utepe, muuza mchele hupima kwa kibaba, lakini hospitalini neno kipimo tumeliachia mashine: damu, mkojo, eksirei, MRI. Mkono unaobonyeza, kukunja na kugonga kwa kinyundo cha mpira hauhesabiwi kuwa umepima. Nami ninayeishi kwa mikono hii naona ubishi huu una haki pande zote mbili. Mkono unapaswa kuitangulia picha, hilo sina shaka nalo. Ila sisi wenye mikono tuna tabia ya kuitetea kana kwamba haikosei, na ushahidi hauko nasi katika hilo.

Nianze na neno mshipa, maana kazi huanzia hapo. Mtu anaingia, anakaa, anasema, "Nina mshipa." Huenda anasema neva. Huenda ni mshipa wa damu, kano iliyovutika au msuli uliokaza, na kwa wazee wa pwani huenda ni ngiri. Mashine haiwezi kuyachambua hayo kwa niaba yetu. Lazima mtu aulize, aguse, auone uso wa mgonjwa unapojikunja, ndipo ajue ni sehemu gani ya mwili hasa inayostahili kupigwa picha, kama ipo.

Chukua kipimo ninachokifanya kuliko vyote, cha kunyanyua mguu ulionyooka. Mgonjwa analala chali. Mkono wangu mmoja uko chini ya kisigino, mwingine juu ya goti ili lisikunjike. Nanyanyua polepole huku namtazama usoni. Kati ya nyuzi 30 na 70 hivi, mizizi ya neva inayotoka kwenye pingili za chini za kiuno inavutwa. Kama mzizi mmoja umebanwa na diski, ule mto mdogo unaokaa kati ya pingili na pingili, maumivu yanateremka kama shoti ya umeme mpaka chini ya goti, na mtu anashika ukingo wa kitanda. Hapo naushusha mguu kidogo mpaka atulie, kisha nausukuma unyayo kuelekea kwake. Maumivu yakirudi kwa njia ileile, neva inahusika. Lakini akisema "panavuta hapa", akapapasa nyuma ya paja kwa kiganja kizima, huo ni msuli usiozoea kunyooshwa. Vijana wengi wa kazi za kukaa huvutwa hivyo wakiwa wazima kabisa, na nimeshika mafaili yao yameandikwa kwamba kipimo ni chanya.

Kipimo hiki kimepewa jina la Lasègue, daktari wa Paris, ingawa aliyekiandika ni mwanafunzi wake Forst, katika tasnifu ya mwaka 1881. Mwaka mmoja kabla yake Lazarević wa Serbia alikuwa ameshaeleza jambo hilohilo. Vizazi vya madaktari vimekirithi kwa imani. Mapitio ya mwaka 2010 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti zilizokipima kipimo chenyewe, nyingi zikiwa za wagonjwa waliofikia upasuaji. Katika hao, kati ya kila watu 100 ambao diski ilikuwa imetoka kweli, 92 mguu uliuma. Namba hiyo inatia moyo mpaka usome ya pili: kati ya 100 ambao diski haikutoka, 72 nao mguu uliuma. Kwa hiyo mguu usipouma, daktari ana sababu nzuri ya kuiondolea diski lawama. Mguu ukiuma, bado hajapata jibu.

Ukinyanyua mguu usiouma na maumivu yakalipuka kwenye ule unaouma, hesabu inageuka. Ni 28 tu kati ya kila 100 wenye diski iliyotoka wanaoonyesha hivyo, lakini kati ya 100 wasio nayo ni 10 tu wanaoonyesha. Hicho ni kipimo kinachokosa wengi, ila kikisema ndiyo, kisikilize. Na hawa wote walikuwa wameshachujwa mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Huwezi kuzichukua namba zao na kuzimwaga juu ya foleni ya asubuhi ya zahanati, yenye mbeba mizigo, mjamzito na mwanafunzi.

Mtetezi wa mashine atasema: kama mkono unababaisha hivyo, si bora twende moja kwa moja kwenye MRI? Ningekubali, lau picha isingekuwa na udhaifu wake. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha watu 98 wasio na maumivu ya mgongo. Asilimia 52 walikuwa na diski iliyovimba angalau sehemu moja, asilimia 27 walikuwa na iliyochomoza, na ni asilimia 36 tu ambao diski zao zote zilikuwa za kawaida. Mwaka 2015 zilikusanywa tafiti 33 zenye watu 3,110 wasio na maumivu: dalili za diski kuchakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Diski huchakaa kama nywele zinavyoota mvi. Ripoti inayosema "diski imevimba" inaweza kuwa kweli tupu na bado isieleze maumivu ya mtu huyu.

Nilimwona mama mmoja wa miaka sitini hivi, amekuja na bahasha kubwa ya picha kaibana kwapani kama hati ya shamba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha kabla hajakaa akasema, "Mwanangu, mimi diski zimetoka mbili, nimeambiwa huenda nikapasuliwa." Ripoti ilisema hivyo kweli. Nikamuuliza panauma wapi. Hakugusa kiuno. Aliweka kidole kwenye kinena. Nikamuuliza linaloshindikana nyumbani, akasema kuvaa kiatu na kukaa kwenye mkeka. Nilipomnyanyua mguu ukiwa umenyooka, ulipanda vizuri. Nilipomkunjia goti na kuuzungusha mguu ili nyonga igeukie ndani, akashtuka na kunishika mkono: "Hapo hapo!" Nyonga ile haikugeuka hata nusu ya mwenzake. Eksirei ya nyonga ikaonyesha gegedu lililolika. Diski zake mbili zilikuwepo tangu lini, Mungu ndiye ajuaye, ila hazikuwa zinamuuma. Nauli, foleni na gharama ya picha ile vyote vilikwenda kwenye kiungo kisicho na kosa, kwa sababu hakuna aliyemgeuza nyonga kwa dakika moja.

Nikiishia hapo nitakuwa nimejipendelea. Yupo kijana mwingine, mbeba mizigo, aliyekuja kwangu na maumivu ya mgongo wa katikati. Nilimpima vizuri kwa mikono. Mguu haukuuma uliponyanyuliwa, nguvu zilikuwepo, goti liliruka nilipoligonga. Nikamwambia ni msuli, nikampa mazoezi. Akarudi, nikampa mengine. Mwezi wa tatu alikuja ameshikwa mkono na kaka yake, miguu inamsaliti. Eksirei ilionyesha pingili mbili zimeporomoka: kifua kikuu cha mgongo, ugonjwa ambao Percivall Pott aliueleza Uingereza mwaka 1779 na ambao katika nchi zetu haujaondoka. Nilipomkalisha upya nikasikia ambayo sikuyauliza siku ya kwanza: jasho la usiku, suruali iliyolegea kiunoni, mjomba waliyelala naye chumba kimoja akikohoa. Alipata dawa na anatembea, lakini miezi ile mitatu nilimpotezea mimi. Vipimo vyangu vilijibu kuhusu mzizi wa neva kwa usahihi. Swali lenyewe nilikosea.

Kwa hiyo ninapowasikia wenzangu wanasema "mikono inatosha", naikumbuka miguu ya kijana yule. Homa, kukonda, historia ya saratani, ajali kubwa, maumivu yanayomwamsha mtu usiku, miguu inayozidi kulegea: hapo picha isisubiri. Na mtu anayeanza kushindwa kukojoa, au kupoteza hisia sehemu anayokalia, apelekwe siku hiyohiyo mahali penye MRI na daktari wa upasuaji. Mkono hapo una kazi moja tu, kuitambua hatari na kumuwahisha.

Mikono nayo haiko sawa kila kiungo. Kwenye kifundo cha mguu inaishinda mashine. Mwaka 1992 Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, Canada, walitunga kanuni ambayo ningependa kila zahanati iliyo karibu na kijiwe cha bodaboda iibandike ukutani. Mtu mzima ameteguka: bonyeza ukingo wa nyuma wa fundo la ndani na la nje, sentimita 6 za mwisho mpaka kwenye ncha, bonyeza mfupa unaochomoza ukingo wa nje katikati ya unyayo, na mfupa ulio juu ya upinde wa ndani, kisha mwambie atembee hatua 4. Mifupa hiyo isipouma akibonyezwa, na hatua 4 akaziweza hata kwa kuchechemea, hahitaji eksirei. Tafiti zilizokusanywa mwaka 2003 zilionyesha kwamba waliovuka mtihani huu, chini ya 2 kati ya 100 ndio walikutwa wamevunjika, na picha zilipungua kwa asilimia 30 hadi 40.

Begani mambo ni mabaya. Kuna vipimo vingi vyenye majina ya mabingwa, kila kimoja kikidai kuitaja kano iliyoumia. Mapitio ya mwaka 2012 yalihitimisha kwamba hakuna kimoja kati yake kinachoweza peke yake kutoa jibu la uhakika. Vingi vikiuma vinakuambia bega linauma, jambo ambalo mgonjwa alishakuambia.

Mkono ulio na ganzi ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu unapimika kwa maswali na ncha ya pamba. Mshona nguo anaamka usiku anaukung'uta mkono kama anayekausha maji. Unamwambia akunje viganja vyote kuelekea chini kwa dakika 1, kipimo cha Phalen, au unamgonga kwa kidole juu ya kifundo cha kiganja, kipimo cha Tinel. Jules Tinel alikieleza mwaka 1915, wakati wa vita, akifuatilia neva za majeruhi zilizokuwa zinaanza kuota upya. Alichosikia kwao ni ule mnyeo wa wadudu wanaotambaa. Vyote viwili hukosea mara nyingi. Lakini mguse kidole cha pete. Neva ya kati ikibanwa kwenye kifundo, kwa watu wengi upande wa kidole hicho unaotazama cha kati ndio unaokufa ganzi, ule unaotazama kidole kidogo unabaki mzima. Mgonjwa mwenyewe anashangaa: kidole kimoja, hisia mbili. Ganzi ikikumba kidole kidogo, acha kifundo, panda kwenye kiwiko au shingo ukatafute.

Nadhani kosa letu kubwa liko kwenye namna tunavyofundisha. Mwanafunzi anakariri majina ishirini ya vipimo apate alama, kisha anavifanya mfululizo kama anayesoma orodha ya mahudhurio, na kimoja kikiuma anaandika ugonjwa. Hakufundishwa kuuliza: kabla sijamgusa, nilikuwa nashuku nini, na kwa kiasi gani? Kipimo dhaifu juu ya shaka kubwa kinaongeza kitu. Juu ya kubahatisha hakiongezi lolote.

Tena kuna mambo yasiyoandikwa vitabuni. Mgongo hauwezi kupimwa juu ya buibui na sweta, na mama wa watu hawezi kuvua mbele ya kijana asiye na pazia wala muuguzi wa kike chumbani. Kanga moja safi na pazia lisilotoboka vinaongeza usahihi wa kipimo kuliko jina lolote la Kifaransa. Kupima neva za mguu kikamilifu, nguvu, hisia na mrusho wa kinyundo, kunataka dakika kama 10, na nje kuna watu 40. Daktari anayeandika MRI kwa dakika 2 mara nyingi hafanyi uvivu, anaikimbiza foleni. Gharama inahamia kwa mgonjwa.

Fomu ya kuomba picha ina mstari wa maelezo ya mgonjwa. Nyingi ninazoziona zina maneno matatu: "maumivu ya mgongo". Msomaji wa picha anaachwa ahesabu kila diski iliyochakaa, na ripoti inarudi ndefu, ya kutisha. Siku hizi kila daktari ninayefanya naye kazi namwomba aandike pale mkono ulichokuta. Mwezi uliopita tulimpeleka dereva mmoja na maneno haya: kidole gumba cha mguu wa kushoto hakinyanyuki, ganzi juu ya unyayo, mguu wa kulia ukinyanyuliwa unaumiza wa kushoto, wiki 5, amepungua uzito kidogo. Kabla ripoti haijaandikwa, msomaji wa picha alipiga simu. Mzizi uliobanwa alikuwa ameshauona. Alitaka kujua kama mgonjwa ana homa za usiku, na kama amewahi kupimwa makohozi.