Kelly au Freeman? Mizani ya Notre Dame haijatulia

Ukimtaja kocha Brian Kelly mbele ya shabiki wa timu yake ya zamani, Notre Dame, hatakujibu kwa takwimu. Anaanza kukusimulia jinsi alivyoondoka. Usiku wa Novemba 29, 2021 habari zilivuja kwamba kocha huyo anahamia LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, na wachezaji wake wakazikuta mitandaoni kama watu wengine wote. Kesho yake asubuhi na mapema akawaita kikaoni, akaaga kwa dakika chache, akaenda zake. Timu aliyoiacha ilikuwa imeshinda mechi 11 na kupoteza 1, na mlango wa kuwania ubingwa wa taifa ulikuwa haujafungwa. Haikupita muda akaonekana kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu wa LSU akiwaambia wenyeji wake wapya habari ya "familia" kwa lafudhi ya Kusini, yeye mzaliwa wa Massachusetts. Kwa wengi hukumu ilitoka siku hiyo, na yote yaliyofuata yametafutwa kuiunga mkono.

Kwa msomaji asiyefuatilia mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu: Notre Dame ni chuo cha Kikatoliki kilichopo South Bend, Indiana. Uwanja wake unabeba watu zaidi ya 77,000, na mashabiki wake wamesambaa nchi nzima, wengi wakiwa hawajawahi kusoma hapo hata siku moja. Ubingwa wa mwisho waliupata mwaka 1988. Kelly alikaa nao misimu 12, kuanzia 2010. Alipoondoka, chuo hakikwenda mbali kutafuta. Kilimpandisha Marcus Freeman, mkuu wa safu ya ulinzi, kijana wa miaka 35 ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu popote. Wachezaji walipotangaziwa walimrukia kwa shangwe kama waliofunga goli la dakika ya mwisho. Tangu hapo mjadala haujaisha: nani bora, aliyeondoka au aliyerithi? Watu wa Jangwani waliowahi kubishana juu ya makocha wa zamani wa Yanga, Nabi na Gamondi, wanaujua ugonjwa huu vizuri.

Nianze na upande ambao siku hizi hauna mawakili wengi.

Kelly alishinda mechi 113 uwanjani na kupoteza 40. Septemba 2021, walipoifunga Wisconsin 41-13 jijini Chicago, aliipita idadi ya Knute Rockne, aliyeishia 105, na Rockne pale South Bend si kocha tu, ni karibu na mtakatifu. (Vitabu rasmi vinasema vingine. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilifuta ushindi 21 wa misimu ya 2012 na 2013 kwa sababu wachezaji kadhaa walifanyiwa kazi za darasani na mwanafunzi aliyekuwa akihudumu kwenye timu, kwa hiyo kwenye karatasi Kelly ana 92. Atakayekutajia 113 anampenda, atakayekutajia 92 hampendi. Huna haja ya kumuuliza zaidi.)

Uzito wa idadi hiyo unauona ukitazama waliomtangulia. Bob Davie alimaliza na ushindi 35 na vipigo 25, Tyrone Willingham 21-15, Charlie Weis 35-27. Mwaka 2007 timu ilishinda mechi 3 na kupoteza 9. Hao ndio waliomwachia Kelly nyumba. Miaka mitatu baadaye alikuwa fainali, na ingawa Alabama waliwachapa 42-14 Januari 2013, vijana wengi wa South Bend hawakuwa wamewahi kuiona timu yao ikicheza mechi kubwa namna ile.

Halafu kuna 2016: ushindi 4, vipigo 8, na kocha uso umemwiva kwa hasira pembeni mwa uwanja akiwafokea vijana wa miaka 19 mbele ya kamera. Makocha wengi hufia hapo. Kelly alibadilisha wasaidizi wake, akabadilisha na namna yake ya kuishi na wachezaji, kisha katika misimu mitano iliyofuata akashinda 54 na kupoteza 9. Katika misimu hiyo hakufungwa hata mara moja na timu iliyokuwa nje ya 25 bora. Shabiki aliketi Jumamosi na chakula chake bila presha. Raha hiyo watu hawakuijua thamani yake mpaka walipoipoteza.

Lakini kila alipokutana na wakubwa, hadithi ilikuwa ileile. Clemson, Desemba 2018: 30-3. Alabama, Januari 2021: 31-14. Kati ya hapo kulikuwa na ushindi dhidi ya Clemson mwaka 2020, 47-40, baada ya muda wa nyongeza mara mbili, mechi ambayo Trevor Lawrence, nyota wa Clemson, hakucheza. Waliporudiana Lawrence akiwepo, ikawa 34-10. Kelly hakuwahi kushinda hata moja ya zile mechi kubwa za mwisho wa msimu. Alipokwisha hamia Louisiana akazungumzia haja ya kuwa mahali penye nyenzo za kutwaa ubingwa, na kauli hiyo ikatafsiriwa South Bend kuwa: tatizo lilikuwa ninyi, si mimi.

Freeman naye hakuanza kama mkombozi. Mechi ya kwanza, Januari 1, 2022, aliongoza 28-7 mbele ya Oklahoma State akafungwa 37-35. Ya pili akafungwa na Ohio State. Ya tatu akafungwa nyumbani na Marshall. Hakuna kocha wa Notre Dame kabla yake aliyepoteza tatu za kwanza. Mwaka 2023, Ohio State tena, nyumbani tena: sekunde za mwisho, mpira uko karibu kabisa na mstari, na mara mbili mfululizo Notre Dame wanaanza kulinda wakiwa na wachezaji 10 badala ya 11. Wakafungwa 17-14. Kosa la namna hiyo huwezi kumsukumia mchezaji. Ni la benchi la ufundi. Kisha Septemba 2024 wakaja Northern Illinois, timu iliyopewa nafasi finyu mno, ikashinda 16-14 palepale South Bend. Jioni ile wale waliosema "Kelly hangefungwa na hawa" walikuwa na haki kamili ya kusema. Kelly yule wa miaka mitano ya mwisho kweli hangefungwa nao.

Mechi 13 zilizofuata, Freeman alishinda zote. Indiana, 27-17. Georgia, 23-10, ushindi wa kwanza wa Notre Dame katika mechi kubwa za mwisho wa msimu tangu Januari 1994. Penn State, 27-24. Akaingia fainali Januari 20, 2025, kocha mkuu wa kwanza mweusi kufika hapo (mama yake ni Mkorea, na hilo nalo lilikuwa la kwanza), akafungwa na Ohio State 34-23. Kwa mashabiki wengi kesi ilifungwa usiku wa Georgia, hata kabla ya fainali.

Hapa ndipo ninapoomba twende taratibu, maana kuna jambo linarukwa.

Kamati inayopanga timu ilipotoa orodha ya mwisho Desemba 2021, Notre Dame ilikuwa ya 5. Mtoano wa kuwania ubingwa wa taifa ulichukua timu 4. Ya nne ilikuwa Cincinnati, klabu ya zamani ya Kelly na ya Freeman, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa imewafunga. Wakabaki nje. Desemba 2024 orodha ya mwisho ilipotoka, Notre Dame ilikuwa ya ngapi? Ya 5. Ila safari hii mtoano ulichukua timu 12, kwa mara ya kwanza. Nafasi ileile, mmoja alikuta mlango umefungwa, mwenzake akapita mpaka fainali. Kwa kanuni za zamani, msimu unaomfanya Freeman aitwe bora kuliko Kelly ungeishia kwenye mechi moja ya heshima, na kipigo cha Northern Illinois ndicho kingekumbukwa. Tena ukizirudisha kanuni mpya nyuma, Kelly angeingia mtoano mara tano: 2012, 2015 alipomaliza wa 8, 2018, 2020 na 2021.

Wapo watakaosema hapo basi Kelly ameonewa. Sikubali moja kwa moja. Kuingia ni jambo moja, kushinda ukiwa ndani ni jingine, na mara alizoingia Kelly tuliona kilichotokea. Freeman aliikuta Georgia na akaifunga kwa kuizidi nguvu na mbinu. Hata vile vipigo vyake viwili vikubwa, 17-14 na 34-23, ni vya timu iliyokuwa inapigana mpaka mwisho. Vya Kelly viliisha kabla ya mapumziko.

Kuna hoja nyingine ya watetezi wa Kelly ambayo ina nyama: vijana ni wake. Katika kikosi cha 2024, Xavier Watts, Jack Kiser, Howard Cross na Rylie Mills, uti wa mgongo wa ulinzi, walisajiliwa zama za Kelly. Kweli. Lakini Jeremiyah Love, aliyekimbia yadi 98 mpaka mwisho dhidi ya Indiana, ni usajili wa Freeman, na Freeman amefanya kazi katika dunia ambayo Kelly, akiwa South Bend, aliionja mwaka wa mwisho tu: tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina na sura zao, na kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima. Kumbakiza kijana siku hizi ni kazi sawa na kumsajili. Freeman anawabakiza. Sidhani yule mzee wa kufoka angewaweza.

Kuhusu LSU, kicheko kimezidi. Kelly alitimuliwa Oktoba 2025, siku moja baada ya kuchapwa 49-25 nyumbani na Texas A&M, akiwa na mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 95 aliotumikia chini ya nusu. Watangulizi wake watatu pale, Nick Saban, Les Miles na Ed Orgeron, kila mmoja aliondoka na ubingwa. Yeye hata mtoano hakuugusa. South Bend walisherehekea kama waliopata mtoto. Lakini rekodi yake kule ni 34-14, aliifunga Alabama mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili mchezaji wake Jayden Daniels akatwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Kocha mbovu hafanyi hivyo. Na anayedai kuwa Kelly alikuwa mbovu siku zote anajikanyaga mwenyewe, kwa sababu basi zile 113 zingemaanisha kwamba Notre Dame ni kazi rahisi, jambo ambalo Davie, Willingham na Weis wangemkatalia.

Msimu wa 2025 ungepaswa kuleta unyenyekevu pande zote. Freeman alipoteza mbili za kwanza, kwa Miami 27-24 na kwa Texas A&M 41-40, pointi nne tu kwa jumla, kisha akashinda kumi mfululizo. Kamati ikaichukua Miami kwenye mtoano, ikaiacha Notre Dame. Chuo kikasusa mechi ya heshima ya mwisho wa msimu. Waliomwimba Freeman kwa ajili ya mtoano wa timu 12 sasa wanaulaani, na wale waliosema Kelly alipambana na wembamba wa mlango wa timu 4 hawajafungua midomo kumtetea Freeman kwa hoja hiyohiyo.

Mimi namweka Freeman mbele, kwa nywele moja, na si kwa sababu ya fainali. Kelly alijua kutopoteza. Freeman, pamoja na ajali zake za Septemba, amejua kushinda mechi ambayo hakupewa. Baada ya miaka 31 ya kusubiri, hiyo ndiyo bidhaa iliyokuwa haipo sokoni. Anayependa Jumamosi zisizo na presha atachagua tofauti, na sitamwita mjinga.

Kwenye malango ya uwanja wa Notre Dame zimesimamishwa sanamu za makocha waliotwaa ubingwa: Rockne, Leahy, Parseghian, Devine, Holtz. Mwenye ushindi mwingi kuliko wote hao uwanjani hana yake. Freeman, mpaka sasa, hana pia.